Maji ya Kuoshea Dizeli

Mume wangu alipoanza kutengeneza dizeli kwa mafuta ya mbegu za pamba, yeye alichukua dizeli na mimi nikaachiwa maji machafu. Sikulalamika. Nyumbani kwetu kila mtu alifanya kazi aliyoijua, na maji niliyajua mimi.

Tuliishi nje kidogo ya Kanyangi, huko Kitui, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa fundi wa injini. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kinu cha kukamulia mbegu za pamba, hadi pamba ikapungua mashambani na kinu kikafungwa. Alirudi nyumbani na mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, pamoja na ujuzi aliofundishwa na fundi mmoja mgeni: kwamba mafuta ya mbegu yakichanganywa na spiriti kali ya viwandani na kostiki soda, yanageuka kuwa kitu ambacho injini ya dizeli inakubali. Mimi nilikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya karibu. Sikuwahi kufundisha hata kipindi kimoja, lakini kijiji kizima kiliniita Mwalimu, nami niliitika.

Mwaka ule mvua ilitupita. Kanisa letu lilikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwa harambee, na pampu yake iliendeshwa na injini ya dizeli. Halafu dizeli nayo ikaadimika. Lori lilikuwa likija kutoka Kitui mjini na mapipa matupu, dereva akitikisa kichwa kabla hata hajasimama. Pampu ikanyamaza. Watu wakarudi mtoni, kwenye mchanga, kuchimba maji kama walivyochimba babu zao.

Mto wetu hauna maji yanayoonekana, isipokuwa siku chache za mvua. Maji yako chini ya mchanga. Unachimba, unangoja, yanajikusanya polepole, unachota kwa kibuyu. Kila shimo lina mwenyewe. Shimo la familia yetu lilikuwa la mama mkwe wangu, naye alilizungushia miiba ya mgunga tangu akiwa bibi arusi. Hakuna mbuzi aliyewahi kulikanyaga, na mtu aliyechota pale alichota kwa ruhusa yake.

Basi mume wangu akaenda kwa kamati ya kanisa akawaambia, nipeni injini, nitaiwasha. Wakamcheka kidogo, kisha wakakubali, maana hawakuwa na lingine. Alijenga kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu, juu ya korongo linaloteremkia mtoni, akaweka mapipa yake humo. Aliniomba nimsaidie kupima kostiki, kwa kuwa mizani ya maabara nilikuwa nimeizoea. Harufu ya spiriti ile iliniumiza kichwa, nikampiga marufuku kuwasha hata kiberiti karibu na kibanda. Alinitii. Kwa mambo ya moto na sumu alinitii siku zote.

Dizeli ile ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nzuri kuitazama. Lakini ilikuwa bado na sabuni ndani yake, na kostiki, na mabaki ya spiriti. Ukiimimina hivyo kwenye injini, unaiua injini. Lazima ioshwe. Unachukua kopo la kunyunyizia miche, unanyunyizia maji juu ya dizeli taratibu, bila kuikoroga. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanapenya hadi chini ya pipa yakibeba uchafu wote. Unafungua koki ya chini, unayatoa. Maji ya kwanza yanatoka meupe kama uji. Ya pili yanakuwa kama maji yaliyosuuza mchele. Ukiendelea, mwishoni yanatoka karibu safi, na hapo unajua dizeli imeoga vya kutosha.

Yale meupe mume wangu aliyamwaga korongoni.

"Ni sabuni tu," aliniambia nilipomuuliza. "Hata wewe unafua nguo, maji unamwaga."

Nilikuwa natoka kazini jioni, sikuwa nimeona ni kiasi gani alichokuwa amemwaga. Nilijibu kwamba tutazungumza Jumamosi. Jumamosi haikufika kabla ya mama mkwe.

Alikuja asubuhi, nikiwa najiandaa kwenda shuleni, akiwa amebeba debe kichwani. Alilitua mlangoni pangu bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwana wakwa," alisema, na hilo peke yake lilinitisha kidogo, kwa sababu aliniita mwanawe pale tu alipokuwa na shida. "Angalia."

Nilitazama ndani. Juu ya maji palikuwa na povu jembamba, linalometameta.

"Umeyachota wapi, mwaitu?" nilimuuliza, kwa neno letu la mama.

"Kwangu. Mbuzi wamenusa wakaondoka. Mbuzi wangu wanakunywa hata maji ya tope, lakini haya wameyakataa."

Nilichovya kidole nikakisugua na kidole gumba. Maji yaliteleza. Nilimwomba aniachie debe lile, na asichote tena pale, wala asimruhusu yeyote achote. Nilikwenda nalo shuleni. Karatasi nyekundu ya litmasi nilipoichovya iligeuka buluu, dalili ya kostiki, kabla sijaitoa. Sikuhitaji kuchovya ya pili, lakini niliichovya, ili mume wangu asiniambie kwamba karatasi ilikuwa mbovu.

Jioni ile tulibishana. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuwa mtu aliyekaribia kuwasha injini mbele ya watu waliomcheka, na mimi nilikuwa namwambia asimame.

"Wiki moja tu," alisema. "Niwashe pampu kwanza, watu wapate maji. Halafu nitachimba shimo."

"Unataka kuwapa watu maji ya kisima kwa kuwaharibia maji ya mtoni. Pampu ikikwama kesho, watachota wapi?"

"Pampu haitakwama."

"Ilikwama juzi."

Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo ninalipenda: "Sawa. Kama huyataki korongoni, niambie yaende wapi. Lakini usiniambie tu yasiende."

Lilikuwa swali la haki. Nilimwambia anipe muda, na kwamba nitalijibu.

Kwanza tulisafisha shimo la mama mkwe. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi za mashamba, walikuja na majembe na karai, wakatoa mchanga wote uliokuwa na utelezi na kuubeba mbali na mto. Mume wangu naye alishuka na sepetu yake. Hakuna aliyemwita. Alivua shati, akaingia shimoni katikati ya wake za watu, akachimba. Mama yake alisimama ukingoni akimtazama, kisha akamwambia, "Chimba na huku. Huku pia pameteleza." Walichimba hadi maji mapya yakaanza kuingia, na niliyapima, nikarudi kuyapima tena, hadi litmasi ikakataa kubadilika. Hapo ndipo mbuzi walipoletwa. Wakanywa.

Sasa lilibaki swali la mume wangu.

Mimi nilizaliwa Mbooni, kwenye vilima, huko Makueni. Kwetu kulikuwa na baridi, chemchemi, na njia za miguu zinazopanda hadi mtu anahema. Kulikuwa pia na kahawa. Katika miaka ya sitini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, kiwanda kidogo cha kuoshea kahawa kilikuwa juu ya kijiji chetu, na msimu wa mavuno maji yake yaliteremka kijitoni yakiwa ya kahawia na yenye kunuka. Baba yangu na majirani walikwenda kulalamika. Hawakuambiwa mengi, lakini baadaye yalichimbwa mashimo mapana kando ya kiwanda, maji yakawa yanatuama humo kwanza, uchafu unazama, mengine yananywewa na ardhi mbali na kijito. Niliyazunguka mashimo yale nikienda shuleni, nikirudi shuleni. Kwa hiyo nilikuwa najua tangu utotoni kwamba maji machafu hayaondoki kwa kumwagwa. Yanahama tu. Mtu ndiye anayechagua yahamie wapi.

Lakini maji ya dizeli hayakuwa kama ya kahawa. Ukiyaacha yatuame, yanabaki meupe, maana sabuni imeshikana na maji haitaki kuachana nayo. Sabuni huvunjwa na tindikali. Maabara ilikuwa na tindikali, lakini ya shule si yangu, na hata ingekuwa yangu, singeimwaga kwenye mapipa ya nyumbani. Nilihitaji kitu kichachu, kingi, ambacho kikimwagika hakimchomi mtu.

Nilipanda basi hadi nilipoweza, nikamalizia kwa miguu hadi kwa mama yangu Mbooni. Ulikuwa msimu wa malimau. Chini ya miti yalikuwa yamelala yaliyoanguka, yaliyopondeka, ambayo hakuna mchuuzi angeyachukua.

"Umekuja kutembea au umekuja kuchukua takataka?" mama aliniuliza aliponiona nikiyajaza magunia.

"Yote mawili, mama. Takataka zako zina kazi kwangu."

Alicheka, kisha akainama tukaokota pamoja. Dereva wa lori la machungwa alinibeba mimi na magunia yangu hadi ng'ambo ya mto Athi.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Nilimimina maji ya limau kwenye ndoo ya maji meupe, nikakoroga, nikangoja, yakabaki meupe. Mume wangu alipita akatazama, akaenda zake bila kunicheka, nami nilimshukuru kwa hilo. Nilijua tatizo. Kostiki ilikuwa nyingi, imekula limau lote. Nikaongeza, nikapima, nikaongeza. Ghafla, bila kishindo chochote, maji yakakatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mabonge madogo ya manjano yakaanza kupanda juu. Nilipoyarudia baada ya kula chakula cha mchana, mafuta yalikuwa yamekaa juu kama utando wa mchuzi uliopoa, na chini yake maji yalikuwa yanapitisha mwanga.

Nilimwita kwa sauti. Alikuja mbio akidhani nimeungua.

"Angalia," nilimwambia, na nilikuwa natumia sauti ya mama yake.

Aliinama juu ya ndoo muda mrefu. "Mafuta yangu haya," alisema. "Nilikuwa nayamwaga."

Tuliyaengua kwa upawa. Wanawake wa mwethya baadaye waliyapika na kostiki wakapata sabuni laini ya manjano, yenye harufu ya pamba. Haikuwa sabuni ya kuogea mtu anayekwenda harusini, lakini kwa ovaroli za mafundi haikuwa na mpinzani.

Maji yaliyobaki sasa yalikuwa machachu. Hayo niliyatia majivu ya jikoni, kidogo kidogo, hadi litmasi zote mbili, nyekundu na buluu, zikakaa na rangi zake. Kabla ya yote hayo, kila mkupuo wa maji ulikaa kwanza kwenye karai pana juani, upande ambao upepo uliondoa harufu mbali na nyumba, ili spiriti ipae. Nilizungushia karai zile miiba, nikawaambia watoto wangu na wa jirani kwamba anayekunywa maji yale anaweza kupofuka. Sikuwatisha. Ilikuwa kweli. Mwisho maji yalipita kwenye pipa lenye mchanga na makaa yaliyopondwa, yakatoka chini yakiwa maangavu.

Mama mkwe alikuwa akitazama kazi hii yote akiwa ameketi kwenye kigoda chake, akichambua ndengu. Siku moja alisema, bila kuinua kichwa: "Hii dizeli yenu inakunywa kuliko ng'ombe."

Alisema kweli. Maji ya kuoshea yalitoka kwenye shimo lake, na yalibebwa kwa mgongo wa punda wake. Nilifikiri juu ya maneno yake nikiwa naosha, nikaona kwamba maji ya mwisho, yale yaliyotoka karibu safi, hayakuwa na sababu ya kutupwa. Nikayaweka kando, nikayatumia kuoshea mara ya kwanza dizeli iliyofuata, iliyokuwa chafu. Hivyo kila maji yalifanya kazi zaidi ya mara moja, na punda akapumzika.

Ikafika Jumapili ambayo kamati ilitaka kuona. Baada ya ibada walikuja wote hadi kibandani, na nusu ya waumini nyuma yao. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mwenye koti lisilovuliwa hata kwenye joto. Habari za povu mtoni zilikuwa zimemfikia, na alikuwa amesema hadharani kwamba heri tukae bila pampu. Sikumlaumu. Wajukuu zake walichota mtoni.

Nilimwonyesha hatua zote. Karai za juani, ndoo ya limau, majivu, pipa la mchanga. Nilichota maji yaliyotoka mwisho kwa gilasi ya maabara nikaiinua juani. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mzee aliipokea gilasi, akaigeuza, akainusa. Kisha akanirudishia.

"Ni safi?"

"Ni safi kwa kazi niliyoyakusudia, mzee."

"Basi kunywa."

Nilimwona mume wangu pembeni akinitazama kwa macho ya kuniomba. Funda moja tu, macho yale yalisema, na pampu inawaka leo. Nilijua pia kwamba funda moja pengine lisingenidhuru. Niliiweka gilasi juu ya pipa.

"Sinywi," nilisema. "Na wewe usinywe, wala mtoto yeyote. Sikusema ni maji ya kunywa. Yana chumvi, na spiriti siwezi kuapa kwamba imetoka yote. Ninachosema ni kwamba hayatakuwa na sabuni, hayataunguza, na hayatafika mtoni, kwa sababu nitayamwaga kule." Nikamwonyesha kiwanja kilicho upande wa pili wa kilima, kinachoteremkia mbali na mto, ambapo tulikuwa tumechimba vibwawa vifupi, vipana, vya kukaushwa na jua. "Ukitaka mtu wa kukunywia maji ili umwamini, tafuta mwingine."

Mzee alinikazia macho. Nyuma yake kulikuwa na minong'ono, mmoja akisema kumbe hata yeye anayaogopa. Ndipo mama mkwe wangu akasogea mbele, akijipangusa mikono kwenye leso.

"Angekunywa," alisema, "mimi ningeondoka hapa na debe langu, nisirudi. Mtu anayekunywa ili akupendeze atakudanganya siku nyingine. Huyu amekataa mbele yenu wote. Shimo ni langu, na mimi nimekubali."

Mzee wa kanisa aliwaza, kisha akavua koti. Watu walielewa. Alikuwa anataka kuona injini.

Tulikwenda wote kisimani. Mume wangu alipozungusha hendeli, injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena, ikashika. Harufu ya moshi wake ilikuwa kama ya mtu anayekaanga mandazi. Watoto walicheka sana. Bomba lilitema hewa, kisha kutu, kisha maji. Mama mkwe hakukimbilia. Alingoja wengine wajaze, akaja na debe lake mwisho, akaonja kwenye kiganja.

"Yana ladha ya chuma," alisema. "Ya kwangu ni matamu zaidi." Akajaza hadi juu.

Pampu ile ilitubeba kiangazi chote kile. Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Nilidhani maji yangu yangefaa kumwagilia, nikapanda ndengu kando ya kibwawa. Ziliota vizuri, kisha kingo za majani zikawa za manjano, kisha zikakauka. Ilikuwa chumvi ya kostiki ikijilimbikiza udongoni. Niling'oa ndengu, nikaacha kumwagilia mmea wowote. Badala yake mume wangu aliyatumia maji yale kukandia udongo wa matofali. Matofali yale yalipokauka yalitoa unga mweupe juu, na watu wakauliza kama yameoza. Hayakuoza. Tulijengea jiko la shule, na lilisimama imara.

Mvua iliporudi, dizeli ya lori nayo ilirudi, na spiriti ya viwandani ikawa ngumu kupatikana. Mume wangu alizima mapipa yake bila huzuni kubwa. Alikuwa amewasha injini, na waliomcheka walikuwa wamekunywa maji. Tulijaza udongo safi kwenye vibwawa, nikapima udongo wa kando yake kila baada ya mvua hadi niliporidhika.

Miaka michache baadaye chuo kimoja cha ufundi huko Makueni kilisikia habari zetu, kikamwalika aje awafundishe vijana. Alikubali kwa sharti kwamba twende wawili. Alisimama mbele ya darasa akiwa na ovaroli iliyopigwa pasi, akaeleza mbegu, mashine ya kukamua, kostiki, jinsi ya kunyunyizia maji taratibu bila kukoroga. Alieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza, msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono akauliza ni sehemu gani iliyo ngumu.

"Dizeli si ngumu," alijibu. "Ngumu ni ile ya mama huyu."

Akaketi, nami nikainuka, nikaomba niletewe ndoo ya maji meupe na limau.